Kuku wa Kuombea Radhi

Watu wa Dar wakisikia kisiwa hufikiria bahari. Kisiwa chetu kilikuwa katikati ya mto Ruvu, ng'ambo ya mashamba ya Janga, kidogo hivi kwamba mbuzi akikata kamba hukamatwa kabla hujamaliza kumtukana. Kiliitwa Mvuleni. Mimi, Biubwa, ndiye niliyekuwa na mtumbwi wa kuvushia watu, kwa hiyo hakuna aliyefika Mvuleni bila mimi kujua anafuata nini. Asiyetaka kusema nilimsimamisha katikati ya mto mpaka akataka.

Hapo waliishi wamisionari wawili, mtu na mkewe. Usiwawazie Wazungu. Mchungaji Silvanus na mkewe Adventina, ambaye sote tulimwita Mama Gregori kwa jina la mwanawe aliyebaki kwao, walikuwa Wahaya waliotumwa na kanisa kutoka Bukoba waje kuhubiri kwetu, sisi Wazaramo wenye misikiti yetu tangu enzi za mababu. Mchungaji alikuwa mrefu, mpole, na mkweli kupita kiasi. Ukimuuliza kama mchuzi wako ni mtamu alifikiri kwanza, kisha akakujibu. Mkewe alikuwa na macho ya kuona kila kitu na mdomo wa kuchagua cha kusema. Nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponipa buni za kwao za kutafuna. Nilizitema mtoni, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Mambo yalianza baada ya operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Desturi yetu, mume akikuudhi unasusa. Unafunga kanga zako, unakwenda kwenu, unakaa. Yeye hukufuata na mzee wa kumsemea na kuku wa kuombea radhi, anaelezwa makosa yake mbele ya watu wako, anatulia, mnarudi nyumbani. Lakini kijiji kipya cha ujamaa kilitukusanya kutoka kila pembe. Kwetu mimi ni Maneromango. Nani atatembea hadi Maneromango na mtoto mgongoni kwa sababu mume amesema ubwabwa wake haukuiva? Wanawake tukawa tunakasirika na hatuna pa kwenda, na hasira ya namna hiyo huharibu tumbo.

Siku moja Mwishehe, mume wangu, alinitolea maneno kuhusu mama yangu. Nikaingia kwenye mtumbwi, nikavuka, nikaketi barazani kwa Mama Gregori, nikanuna. Hakuniuliza neno. Alinitandikia mkeka, akaniletea uji. Mchungaji aliporudi kutoka shambani akanikuta, uso ukamng'aa. Akavuta kigoda, akaanza kunieleza habari za Mungu wake, kwa utaratibu, tangu mwanzo wa dunia. Nilisikiliza kwa adabu. Nilikuwa mgeni, na uji ulikuwa na sukari.

Mwishehe alipokuja alileta jogoo mwekundu mwenye kilemba kilicholala upande mmoja, pamoja na Mzee Mwinyimadi, mzee wetu wa kijiji, wa kumsemea. Kabla hawajafungua mdomo, Mchungaji akampokea yule jogoo kwa mikono miwili, akaomba dua ndefu ya kushukuru kwa sadaka. Mama Gregori akanitazama. Mimi nikatazama paa. Jogoo akaenda bandani, mimi nikaenda nyumbani, na Mwishehe hakumtaja tena mama yangu mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Habari ilienea. Ikawa ukigombana na mumeo unaambiwa, nenda kwenu Mvuleni. Mara Sikuzani, mara mke wa fundi cherehani, mara wawili kwa pamoja wamenuniana hata wao kwa wao. Mama Gregori aliwapokea wote, akawalisha, akawasikiliza, na mume alipokuja aliambiwa makosa yake jikoni, Mchungaji akiwa kanisani anapanga mabenchi. Mchungaji alijua jambo moja tu, kwamba wanawake wa Ruvu wana kiu ya Neno, na kwamba waume zao ni wakarimu wa kuku. Nilipomuuliza Mama Gregori kwa nini hamwambii, alisema, "Amehubiri Bukoba nzima bila kuona mtu akivuka mto kumfuata. Mwache kidogo."

Kisha ikaja habari kwamba Mkuu wa Jimbo, Mchungaji Wilbrod, anakuja kutoka Dar kuona matunda ya kazi. Akiona hakuna usharika, nyumba ya Mvuleni itafungwa na wao watapelekwa kwingine. Mama Gregori alinieleza hayo tukiwa tunachambua mchicha.

"Nimehama mara nyingi, Biubwa," alisema. "Kila mahali nilikuwa mke wa mchungaji. Hapa ndipo nilipopata watu. Sitaki kuondoka."

Nami sikutaka aondoke. Nitasema wazi, nilijisikia kama mtu anayetaka kunyang'anywa dada. Nikarudi kijijini, nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wanawake: Mkuu akija, sote tunasusa.

Haikuwa kazi rahisi. Kususa kunahitaji sababu, na wanaume wetu, kwa ubaya wao, siku hizo walikuwa wema. Mume wa Sikuzani alikuwa mpole hata kuku walimpanda. Sikuzani alimchokoza tangu asubuhi, akamtilia chumvi kwenye chai, naye akanywa, akasema ahsante. Mwishowe alimsusia kwa sababu anapumua kwa sauti. Mimi Mwishehe hakunisumbua, kwake sababu hazikosekani.

Siku ilipofika nilivusha wanawake mpaka mabega yakauma. Mwisho nikamvusha Mkuu wa Jimbo mwenyewe, mtu mnene mwenye miwani na suti ya kijivu, amekumbatia mkoba wake akiogopa mamba. Aliingia kanisani akakuta mabenchi yamejaa kanga hadi mlangoni. Akavua miwani, akaipangusa. Mchungaji Silvanus alikuwa amesimama mbele, macho yamejaa machozi. Nilipomwona hivyo nilipata haya kidogo, lakini kidogo tu.

Tulichosahau ni waume. Kijiji kizima kilikuwa hakina mtu wa kupika. Katikati ya wimbo wa kwanza, ambao sisi hatukuujua tukawa tunafungua midomo tu, tukasikia kelele kutoka ng'ambo. Wanaume wamejipanga ukingoni, kila mmoja na kuku kwapani, na kuku wanalia kuliko wao. Mzee Mwinyimadi, ambaye sauti yake haikuhitaji mtumbwi, akaita, "Mchungaji, hodi. Tumekuja kuwafuata wake zetu. Tunajua tumekosea, ingawa wengine bado hatujaambiwa kosa. Kuku hawa hapa kama siku zote."

Wimbo ukafa. Mchungaji Silvanus alitazama nje, akatazama mabenchi, akatazama banda lake la kuku. Nilimwona akihesabu kichwani. Kisha akamgeukia mkewe, na mkewe akainamisha kichwa.

Mtu mwingine angejifanya hakusikia. Silvanus hakuweza. Akamwambia Mkuu mbele yetu sote kwamba hawa si wanafunzi wake, ni wake za watu waliosusa, na kwamba kwa muda wote huo alikuwa anahubiria watu waliosubiri kufuatwa. "Sina usharika, baba," akasema. "Nilijidanganya."

Mkuu akavaa miwani yake. "Basi tutafunga," akasema, bila ubaya.

Mama Gregori akasimama. Aliingia nyumbani kwake, akatoka na kanga zake zimefungwa fundo, akapita katikati yetu hadi kwenye mtumbwi, akaketi.

"Nipeleke kwetu," akaniambia.

"Kwenu wapi, Mama Gregori? Bukoba?"

"Kwako."

Nikashika upondo nikasukuma. Nyuma yangu wanawake wakajipanga ukingoni. Tulipofika ng'ambo wanaume walitupisha njia na kuku wao, na mimi nikamtandikia mkeka barazani kwangu, nikamwekea uji. Sukari sikuwa nayo. Akanuna vizuri sana, utadhani alizaliwa Janga.

Mtumbwi ulikuwa huo mmoja tu, nao umefungwa kwangu. Mchungaji akaja ukingoni upande wake akaita mara nyingi. Mzee Mwinyimadi ndiye aliyemjibu, kwa raha ambayo hakuificha. "Desturi unaijua, Mchungaji. Umeiona mara nyingi kutuzidi. Tafuta kuku. Tafuta mzee wa kukusemea."

Mzee kule kisiwani alikuwa mmoja, naye ana suti ya kijivu. Mkuu alisema yeye amekuja kukagua kazi. Wanawake wakamweleza, kwa heshima, kwamba mtumbwi hautakuja kwa ajili ya kukagua. Tukasikia purukushani bandani, na baadaye Mchungaji akainua jogoo juu tumwone. Nikatuma mtumbwi.

Walipofika kwangu, aliyembeba jogoo alikuwa Mkuu wa Jimbo mwenyewe. Jogoo alikuwa yule mwekundu mwenye kilemba kilicholala upande, jogoo wangu mwenyewe, amenenepa. Mwishehe alimtambua akafunika mdomo. Mimi nikakaa kwenye kiti cha mzazi wa mwanamke, nikanyoosha kanga, nikauliza wageni wanataka nini.

Mkuu akakohoa. Akasema mwanawe Silvanus amemkosea mkewe, hakumuuliza kabla ya kuamua mambo ya nyumba yao, na anaomba radhi. Silvanus akasema ni kweli, akamwambia mkewe kwa Kihaya maneno ambayo sikuyaelewa, na Mama Gregori akafuta pua kwa ncha ya kanga.

"Radhi tumeipokea," nikasema. "Sasa anarudi wapi? Hatumrudishi binti yetu kwenye nyumba inayofungwa."

Mkuu alimhamishia jogoo kwapa jingine. Alitazama wanaume wamejaa uani, akatazama ng'ambo wanawake wamejipanga ukingoni wakisubiri jibu. Suti ilikuwa imeharibika vibaya begani.

"Nimefungua makanisa mengi ambayo watu huja Jumapili," akasema. "Nyumba ya mchungaji ambayo watu huikimbilia Jumatano sijapata kuiona. Haifungwi."

Mama Gregori akanywa uji wake mpaka mwisho, ndipo akanyanyuka.

Ilipita masika. Kiangazi kilipoanza, mwanamke mmoja alishuka ukingoni kwangu, amevaa gauni la mjini na viatu vya kisigino, ameshika sanduku. Alikuwa amepanda basi hadi Maili Moja, na njia iliyobaki yote ametembea. Aliniuliza kama hapa ndipo wanapovukia kwenda kwa Mama Gregori. Nilimtazama uso tu, uso ule hauhitaji maelezo.

"Ndipo, mama. Panda. Na mzee nyumbani ni nani, ili akija nimjue?"

Alikunja mdomo kabla ya kujibu. "Anaitwa Wilbrod. Ni Mkuu wa Jimbo. Kuja anajua njia, na desturi amenihadithia mwenyewe, akicheka."

Nikamshikia sanduku, nikamketisha vizuri, nikamvusha polepole sana ili nipate kusikia yote.