Jumanne ya Shamba Tupu

Kwetu Jumanne hatulimi. Ni mwiko wa ardhi, tumeukuta kwa mababu, na mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na watu wawili wanaoupenda mno mwiko huo: mwizi wa vanila, na yule nesi wa zahanati ya ng'ambo ya mto. Mwizi anaupenda kwa sababu mashamba yanabaki matupu. Nesi naye alisema, watu hawana kazi siku hiyo, basi waje wapimwe presha. Kila Jumanne, asubuhi mpaka saa nane. Binti wa watu hakuwa na nia mbaya. Ametoka nyanda za juu, vanila anaijua kwa harufu tu.

Mke wangu Kalozafy alikuwa na presha. Mara ya kwanza tulikwenda wote wawili, mwendo mrefu wa miguu, halafu mtumbwi. Nesi Hanitra akaitazama mashine yake, akatutazama na sisi.

"Mama," akasema, "kati ya watu kumi wenye presha kama yako wasiomeza dawa, watatu wataanguka kabla ya miaka kumi kwisha. Ukimeza kila siku, hatari inashuka sana."

Kalo akacheka. "Basi saba wanapona! Mimi nimo kwenye hao saba, mwanangu. Huyu mzee hata wali unamshinda kupika, nimwachie nani?"

Na mimi nikacheka. Ndivyo tulivyosikia sisi, kwamba saba wanapona.

Alipewa vidonge vya miezi miwili. Vilipokwisha ilikuwa mwezi wa tano, na mwezi wa tano maganda ya vanila yananing'inia yamejaa, bado mabichi, lakini mwizi hajali ubichi. Kalo alikuwa ameanza kizunguzungu, kuvuka mto peke yake hawezi, mpaka nimsindikize. Tukiondoka wote Jumanne, nani atakaa shambani? Maana kukaa si kulima, mwiko haumkatazi mtu kukaa. Kijiji kizima tulikuwa tunafanya hivyo: Jumanne kila mmoja yuko shambani kwake, panga mapajani, kimya.

"Baada ya mavuno," nilimwambia.

"Baada ya mavuno," akaitikia. "Presha haina miguu, itakimbilia wapi?"

Shamba lile lilikuwa lake kuliko langu. Maua aliyaozesha yeye, kama dume na jike, moja moja, kwa mwiba wa mchungwa, maana ua la vanila lisipoozeshwa kwa mkono linakufa siku hiyo hiyo. Na maganda yalipokomaa kidogo aliyapiga chapa yeye, kwa pini zilizochomekwa kwenye kizibo cha chupa, ili ganda likikauka kovu libaki na mwenyewe ajulikane. Chapa yetu ni mshale wa nukta sita. Alichoma maelfu, huku akinung'unika kwamba amenizalia watoto watano na hakuna hata mmoja aliyebaki kijijini wa kumshikia kizibo.

Mwaka huo kaka yake Jaobe aliibiwa nusu ya shamba. Lo, kelele zake! Mwezi mzima hatukuzungumza kingine, kisimani, kanisani, msibani. Presha hakuna aliyewahi kuipigia mayowe.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa Jumanne. Kwa kawaida Kalo aliniletea chakula saa sita, wali na majani ya viazi, umefungwa kwenye jani la mgomba. Saa sita ikapita. Nikasema amekaa kupiga soga. Saa saba. Saa nane. Nikaanza kumsema, nimo peke yangu namsema kwa sauti, mwanamke gani huyu, anataka nife njaa nikilinda mali yake. Nyumbani ni robo saa. Ningekwenda na kurudi hata jasho halijanitoka. Sikwenda. Jumanne shamba haliachwi.

Nilirudi jua linatua, maneno yangu ya ugomvi yako tayari mdomoni. Kalo alikuwa chini, kando ya mafiga. Wali wangu alikuwa ameshaufunga. Chungu cha maji ya ukoko, yale tunayochemsha juu ya wali ulioshika chini tukanywa, kilikuwa kimekauka, kimeungua, moto umezimika wenyewe. Alikuwa amepoa. Kijijini hakukuwa na mtu wa kumsikia akianguka, maana wote tulikuwa tunalinda.

Baadaye nilimwuliza Hanitra, "Kama ningerudi nyumbani saa sita?"

Akajibu, "Sijui, baba. Labda."

Hiyo "labda" ndiyo ninayokula nayo na kulala nayo.

Mwaka ule shambani kwangu halikupotea ganda hata moja. Wanaume walinisifu, eti Betombo ni mlinzi kweli kweli. Watoto walikuja kuzika, wakakaa siku nane, wakarudi mjini Antalaha kwenye kazi zao, na mimi nikabaki na nyumba. Ndipo nilipofanya hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeifanya. Kijiji chetu kina mashamba arobaini. Yaliyoibiwa mwaka ule ni mawili. Mawili katika arobaini, tukakesha kwa hofu. Watatu katika kumi, tukacheka.

Ungedhani nimejifunza, siyo? Mwaka huu damu ilianza kunitoka puani, kichwa kinagonga tangu alfajiri, na mimi niko wapi? Shambani, Jumanne, panga mapajani.

Jaobe akanipitia. "Shemeji, una damu kwenye shati."

"Nimekata nanasi."

"Nanasi lina damu? Nenda kwa nesi, mzee mkaidi wewe!"

"Utanilindia?"

"Nina makalio haya haya mawili, na yote yamekalia shamba langu." Halafu akaacha mzaha. Akachuchumaa mbele yangu. "Nimemzika dada yangu kwa ajili ya maganda. Unataka nikuzike na wewe? Mimi nimechoka, Betombo. Nimechoka kuzika."

Jumanne iliyofuata niliondoka. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nageuka nyuma kila hatua kumi, nikiliona lile shamba tupu mgongoni mwangu mpaka kilima kilipolificha. Kwenye mtumbwi mwenye kasia aliniuliza, "Safari hii peke yako, mzee?" Nikamwambia apige kasia.

Hanitra akanifunga ule mpira mkononi, akasoma, akakunja uso. "Baba, kati ya watu kumi wenye presha kama..."

"Najua. Watatu," nikamkatiza. "Safari hii niweke upande wa watatu. Lete dawa."

Alinipa vidonge vya miezi mitatu na kunishika mkono muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kupima.

Niliporudi, Jaobe alikuwa amekaa mlangoni kwangu, mikono kichwani.

"Wamekuja, shemeji. Safu tatu za bondeni, zote. Wamekata na mashina. Ni mimi niliyekutuma. Nipige."

Nilikwenda kuangalia. Kweli, walikuwa wamekwangua. Katika safu kumi na moja, tatu zimebaki vijiti. Nikakaa pale pale ninapokaaga, nikausubiri uchungu. Miaka thelathini nilikuwa naliogopa jambo hili, na sasa limenifika. Nikapiga hesabu: bati la paa sitanunua mwaka huu. Nyasi zitavumilia. Nikatafuta kingine nilichopoteza, sikukipata.

Basi nikaangua kilio, mtu mzima, mpaka mabega yakatikisika. Jaobe akanishika. "Lia, shemeji, lia. Ni jasho lako."

Sikumsahihisha.

Nyumbani nilipika wali wa mtu mmoja, siku hizi najua. Nikachemsha maji kwenye ukoko, nikamezea kidonge. Kisha nikasema na Kalo, maana sina mwingine wa kusema naye.

Kumbe ni safu tatu tu, mke wangu. Safu tatu, na nyumba imesimama, na wali umeiva. Siku ile ningeliacha shamba, wakalikwangua lote, ungenitukana mwezi mzima, mimi na ukoo wangu. Na mpaka leo hii ungekuwa hapa, unanitukana.