Aliyetafuna Kahawa Yetu

Mimi Alistidia sikuwapenda MP, hao polisi wa jeshi, na sababu ninayo. Mwaka sabini na tisa marehemu mume wangu alirudi kutoka vitani Uganda na cherehani. MP wakamsimamisha kwenye kizuizi, wakasema hiyo ni ngawira, wakaichukua. Najua, jeshi lisilo na polisi wake ni genge la wahuni. Lakini cherehani yangu jamani! Hata kifungo kimoja sikukishona.

Kwa hiyo mwaka themanini na sita, Land Rover iliposimama mbele ya kibanja chetu cha migomba pale Kagoma, akashuka mtu mwenye kofia nyekundu ya MP, damu ilinichemka. Nilijua amemfuata mdogo wangu Kristofa. Likizo yake ilikwisha siku nyingi, naye hakurudi kambini. Mkewe Rozi alikuwa chumbani, amebaki mifupa, kwa ule ugonjwa ambao wakati ule tuliuita Juliana, ndio UKIMWI wa leo. Kristofa ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda bondeni kuchuma dawa.

"Naitwa Koplo Mashauri," yule mtu akasema. "Nilipigana vita pamoja na Kristofa. Dada, nisaidie. Leo nikimpata ni mchelewaji tu, atalala mahabusu wiki moja, yaishe. Kesho asubuhi jina lake linaingia kwa watoro. Mtoro anafungwa, na kazi imekwisha."

Maneno matamu! Hata wa cherehani walikuwa na maneno matamu.

Mama akamletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Msukuma wa watu akachukua punje tatu, akatafuna, akashukuru. Mama hajui Kiswahili, na Mashauri hajui Kihaya. Mkalimani ni mimi.

Mama akaniambia kwa Kihaya, "Mwambie Kristofa yuko bondeni, anarudi sasa hivi. Aliyetafuna kahawa ya nyumba hadanganywi."

Nikamgeukia Mashauri. "Mama anasema Kristofa amekwenda visiwani kuvua samaki. Wahi mwaloni, kule ziwani wanakoshushia samaki, utapata mashua."

Akamtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa, maskini, akidhani nimesema alichosema. Mashauri akamshika mkono mama kwa heshima, akapanda gari. Nikacheka moyoni mpaka mbavu zikauma.

Mama akauliza, "Mbona anaondoka?" Nikamjibu ana haraka.

Gari lilimwamsha Rozi. Nikaingia na uji, bado natabasamu.

"Nimesikia gari," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi niiname. "Wamemchukua?"

"Thubutu! Nimewapeleka visiwani. Wakirudi kesho, tumeshamhamishia Kishanda kwa wajomba."

Nilitegemea anisifu. Akaanza kulia bila machozi.

"Wifi, Mashauri nilimwandikia mimi. Niliituma barua kwa siri. Kristofa nimemsihi aende, hataki, anasema hawezi kuniacha nikimtazama. Nikasema basi akamatwe. Mimi nakufa, wifi. Watoto wetu watatu watakula mshahara wa nani?"

Bakuli la uji lilinitoka mkononi.

Nilitoka mbio. Mama akaita, sikujibu. Nilikatiza kibanja, nikashuka kilima kwa njia ya mkato, viatu nikavitupa huko huko. Njia nzima nilijitukana: mjinga wewe, cherehani ya wizi ndiyo imekufanya hivi! Kifua kilitaka kupasuka. Nikawa naomba, Bwana Yesu, gari liharibike, mashua ikose mafuta, chochote.

Land Rover ilikuwa mwaloni, haina mtu. Wachuuzi wa samaki wakaniambia mashua ya mwisho imeondoka sasa hivi, na itarudi kesho saa nane mchana.

Niliiona. Haikuwa mbali sana, kofia nyekundu ilionekana vizuri katikati ya wavuvi. Nikaingia majini mpaka kiunoni, nikavua kitenge cha begani, nikapunga kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele, "Afande! Yuko nyumbani! Nimekudanganya! Yuko nyumbani!"

Injini ilikuwa inanguruma. Mashauri akageuka, akaniona. Akavua kofia, akanipungia mkono kwa furaha, akidhani nimekuja kumuaga.