Koti Lisilopimwa

Mtu akivuka mpaka ambao hakuna aliyewahi kumwonyesha, yeye ndiye wa kuomba radhi? Mshonaji alikuwa akijiuliza hivyo.

Kwa miaka tisa yeye na mkataji walikuwa wamegawana chumba kimoja cha kazi. Mwanamume alipima na kukata, naye mwanamke alishona. Majirani walipowatania, wawili hao walicheka hadi mbavu zikauma, maana hapakuwa na lolote baina yao ila kazi na soga. Mkataji alipooa, mkewe alimwita mshonaji "wifi", naye akaupokea undugu huo kwa mikono miwili.

Kisha akataka kumshtukiza rafiki yake kwa zawadi, akamshonea koti bila kumpima. Urefu wa mikono, upana wa kifua, hata lile bega la kushoto linaloshuka kidogo, vyote alikuwa navyo kichwani. Asubuhi moja mkataji alilivaa mbele ya mkewe na dada yake. Likamkaa sawasawa.

"Ulimpima lini?" mke aliuliza.

"Sikumpima, wifi. Huyu namjua kwa macho tu. Bega lake la kushoto limeshuka, ndiyo maana makoti ya dukani humpwaya."

"Mimi naishi naye mwaka wa pili huu, na hilo bega sijaliona."

Dada wa mkataji akajaribu kuokoa jahazi. "Basi nunua futi, wifi, uanze masomo."

Hakuna aliyecheka.

"Mke wangu, huyu ni kama dada yangu," mkataji alisema.

"Dada yako si huyu hapa? Alijua kuhusu bega?"

Dada akatazama sakafu.

Mshonaji alimngoja rafiki yake aseme neno jingine, lolote lile. Mkataji akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, bila kumtazama mtu. Mshonaji angeapa, lakini aape nini? Hakuwa na dhambi ya kukana. Alichokuwa nacho ni kujua, na hata akienda mbali kiasi gani, angeendelea kujua.

"Mwisho wa mwezi nahamisha cherehani yangu," aliwaambia wote watatu. "Nguo zilizokwisha kukatwa nitazimalizia. Baada ya hapo sitafanya kazi naye tena."