Pumzi Kwenye Foleni

Mke alikuwa sebuleni akipiga pasi mashati ya wateja, na mumewe, mwoka mikate, alikuwa amelala chumbani baada ya zamu ya usiku. Majirani walimwita Trekta kwa jinsi alivyokoroma. Mkoromo ulipanda, ukakwama, ukanyamaza. Mke akaisimamisha pasi. Pumzi ya mumewe ikatoka chumbani, ikasukuma pazia, ikapita kando ya meza na harufu yake ya hamira, ikaenda zake nje.

Wifi yake, aliyekaa mlango wa pili, alikuwa akianika nguo.

"Wifi, pumzi ya kaka imetoka tena."

"Imeelekea wapi?"

"Kule bombani."

"Itarudi."

Ilirudi. Trekta alishtuka kama mtu aliyeibuka majini, akavuta hewa, mkoromo ukaanza upya. Mke akaendelea na kola.

Zamani pumzi ilikuwa ikiishia mlangoni tu, na mke alicheka. Aliwasimulia hata wateja, wakacheka pamoja. Siku hizi ilifika mpaka barabarani, na Trekta aliamka amechoka kuliko alivyolala. Alisinzia wima mbele ya tanuri akaunguza mkono, kisha akaunguza mikate ya shule nzima. Msimamizi akamwambia likitokea tena asijisumbue kuvaa aproni.

Daktari wa kituo cha afya alimtazama koo, akasema pumzi yake inakatika usingizini, na hali hiyo huuchosha moyo. Kipimo kipo hospitali kubwa: mtu hulazwa huko, akafungwa nyaya kichwani na kifuani, mashine zikamwangalia hadi kuche. Mke aliuliza bei. Alipotajiwa, alishukuru kwa adabu.

"Kwa bei hiyo," Trekta alisema njiani, "na kitanda chao tungeondoka nacho."

Wakatafuta njia nafuu. Chuo cha waganga kilikuwa kikipima watu bure ili wanafunzi wajifunze, lakini mwalimu wa somo hilo alishastaafu. Mwenye duka la dawa akawaambia kuna kifaa kidogo cha kubana kidoleni, mtu analala nacho kwake, na kile kituo cha afya wanacho, kwa ada ambayo hata mpiga pasi anaimudu. Kweli kilikuwepo. Kimoja. Aliyekiazima akikirudisha, hupewa aliye mbele benchini, na asiyekuwepo zamu yake imepita.

"Naweza kumkalia foleni?" mke aliuliza.

"Kwani anayekoroma ni wewe?" muuguzi alimjibu. "Mlete mwenyewe. Subira huvuta heri, mama."

Trekta alijaribu. Lakini aliyekesha tanurini hawezi kushinda benchini. Alilala palepale, akawaangukia wagonjwa, na jioni hakuwa na nguvu za kukanda unga. Akarudi kulala nyumbani. Hapo ndipo pumzi yake ilipoanza kwenda kituoni peke yake.

Muuguzi ndiye aliyepiga simu. "Mama, pumzi ya mumeo iko hapa."

"Inafanya nini?"

"Imepanga foleni, nyuma ya fundi viatu. Ni yake mwenyewe, siwezi kuikataa."

Mke alikwenda, akaifunga kwenye mtandio, akairudisha mbio kwa mwenyewe kabla midomo haijageuka rangi. Kesho yake ilikwenda tena. Kila iliporudi kumpa Trekta hewa, waliokuwa nyuma walisogea mbele, nayo ikaanza upya mwishoni. Kwa hiyo ikajifunza kukawia. Watu wa benchini waliizoea. Waliisalimu, wakaisogezea mikoba isiikalie. Trekta naye alizoea kuishi na kidogo alichoachiwa.

Siku moja mke alifika na mtandio wake akaikuta mbele kabisa. Fundi viatu alikuwa na kifaa, na alikuwa njiani kukirudisha. Mke akaivuta. Pumzi ikajikaza kwenye mbao za benchi.

Mke akatazama mlango. Akatazama waliokuwa nyuma, ambao tayari walikuwa wamejiweka sawa kusogea.

"Haya, kaa kidogo," akainong'oneza. "Usiiachie zamu."

Akaketi kando yake. Fundi viatu alichelewa. Kuna mtu alimsimamisha barabarani amshonee kandambili. Alipoingia akiomba radhi, simu ya mke ilikuwa ikiita.

"Wifi, rudi. Kaka hakoromi."

"Pumzi yake ninayo hapa."

"Basi ilete."

Alikimbia, kifaa mkononi, pumzi kwenye mtandio. Trekta alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kuomba maji. Pumzi ikazunguka midomo yake, ikajaribu pua, ikarudi mdomoni. Kisha ikakaa ukingoni mwa kitanda. Wifi akafunga dirisha isije ikapotea.

Baada ya mazishi, mke alikumbuka kwamba ada ilishalipwa. Akakibana kifaa kwenye kona ya mtandio ilimolala pumzi, akakiacha hadi asubuhi, akakirudisha. Daktari alisoma majibu kwa makini.

"Hii haina tatizo," akasema. "Haikatiki hata mara moja."

Muuguzi akakipangusa kifaa kwa pamba yenye spiriti, akamkabidhi aliyefuata.

Nyumbani mke alikaa na wifi yake bila kuwasha redio.

"Ningeivuta kwa nguvu," alisema.

"Ungeivuta, ingerudi mwisho wa foleni."

"Angekuwepo lakini."

Wifi akasogea karibu. Akamshika mkono.

Pumzi imebaki na mjane. Hulala upande wa ukutani, haimsumbui, na asubuhi mto huwa na unyevunyevu kidogo ambao huanikwa pamoja na mashuka. Wateja wanaiuliza hali.

Kituoni wameongeza benchi la pili. Ikifika saa nne pumzi huwa nyingi kuliko watu, na muuguzi huziomba zibanane ili wenye miili nao wapate pa kukaa. Kifaa bado ni kimoja.