Komeo la Jirani

Mifupa ya mzee Ndoro ilitoka Ramisi, nayo ilikuwa mitamu. Muhsina aliichagua mwenyewe, muwa baada ya muwa, akiugonga kwa ukucha na kuusikiliza, maana muwa mkavu hulia kama ukuni na uliojaa maji mno haulii kabisa. Nyama ya mzee ilikuwa kipande cha mgomba. Ukivunja muwa wa kadiri mbele ya maikrofoni, na papo hapo ukashusha panga kwenye mgomba, msikilizaji aliye kisiwani Funzi huacha wavu anaoushona akashika mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Muhsina katika Redio Mkoko ya Msambweni: kuandika mchezo wa kila Jumamosi alasiri, kisha kuutia sauti. Wapo wanaoandika vizuri na wapo wanaotia sauti vizuri. Yeye alifanya yote mawili, wala hakuona haya kulisema.

Mchezo wenyewe ulimhusu mzee Ndoro, ambaye wanawe walimsingizia uchawi ili wapate shamba lake la minazi. Jumamosi iliyopita walimvunja mkono. Jumamosi inayokuja walikuwa wamuue. Kati ya Jumamosi hizo mbili ikaingia barua.

Barua iliandikwa na Mwalimu Abdurahman, mwenyekiti wa kamati ya wasikilizaji, mstaafu ambaye hata ujumbe wa simu huuandika kwa nukta na mkato. Alitaka mchezo uondolewe hewani kwa sababu ya ukatili. Na katika redio ile, kamati ikishaamua, meneja naye hunyamaza.

Alhamisi Muhsina akaitwa kikaoni. Alikwenda na kikapu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mimi si adui wa sanaa, hilo ulijue. Lakini mwenye kusoma kitabu hukifunga akitaka. Redio huwashwa sebuleni, na sikio la mtoto halina mlango. Juzi nimewaona watoto wa darasa la tatu wakicheza kumkata Ndoro kwa vijiti. Huo uhuru wako umewafundisha nini?"

"Umewafundisha kuwa Ndoro hana hatia. Na Jumamosi ya wiki ijayo utawafundisha kuwa wanawe wamefungwa. Katiba, kifungu cha thelathini na tatu, inanipa uhuru wa kusema na uhuru wa kubuni."

"Kifungu hichohicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye kuchochea vurugu. Nami nimekisoma."

"Kuonyesha si kuchochea, Mwalimu. Huku kwetu wazee wanauawa kweli, kisha tunaambizana wameugua, wameanguka. Nikimuua Ndoro kwa upole nitakuwa nimejiunga na waongo."

Hapo akafungua kikapu, akatoa muwa, akauvunja. Wajumbe sita waliruka vitini. Mwalimu hakuruka, alifumba macho na kushika ukingo wa meza. Muhsina akaumenya muwa, akaukata vipande na kuugawa. "Karibuni. Huu ndio mkono wa mzee Ndoro." Wakacheka, wakatafuna. Kipande cha Mwalimu kilibaki mezani mpaka sisimizi wakakiona.

Lakini kicheko si kura. Wanne kwa watatu waliamua kwamba mchezo uendelee, ila sauti zote za kupiga, kukata na kuvunja ziondolewe.

Muhsina alitoka pale akiwa na hasira ya kutosha kuchemshia chai. Kilichomuudhi zaidi ni ile hoja ya watoto, kwa kuwa ilikuwa ya kweli, na hoja ya kweli mkononi mwa mpinzani ni mwiba. Akaamua kwamba kabla ya mchezo litatangulia tangazo kuwa watoto waondolewe karibu na redio. Hilo angelifanya bila kulazimishwa. Lakini kumuua Ndoro kwa upole, hapana.

Alikuwa na sababu ambayo hakuieleza kikaoni. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, wakiishi Ramisi, babu yake, mzee Chome, aliitwa nje alfajiri moja na wapwa zake mwenyewe. Muhsina alikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo. Alisikia yote. Kulipokucha, wakubwa wakawaambia watoto kuwa babu alianguka mnazini. Mzee wa miaka sabini, mwenye goti bovu, aliyekuwa akiomba mkono kupanda kizingiti! Mama yake akamchukua wakahamia Msambweni, na uongo ule ukahama nao. Mchezo wa Ndoro ndio uliokuwa maziko aliyonyimwa babu yake kwa miaka ishirini na sita, na sasa kamati ilitaka azike sanduku tupu.

Kesho yake aliingia studio na Wafula, fundi wa sauti kutoka Bungoma, ambaye miaka sita ya Pwani ilikuwa imemfunza kusema shikamoo lakini haikumfunza kusubiri.

"Sista, weka muziki hapo tusonge," Wafula akasema. "Ama turuke moja kwa moja hadi matanga."

"Hapana. Mapigo yalikuwa yachukue sekunde kumi na mbili. Toa mapigo, sekunde ziache."

"Sekunde kumi na mbili bila kitu? Hiyo ni noma. Watu watadhani stima imepotea."

"Si bila kitu." Muhsina akatoa kikapuni komeo la chuma, la dirisha, lililogongomewa kwenye kipande cha ubao. Alikuwa amelitafuta Kona ya Musa tangu asubuhi, duka baada ya duka, akivuta na kusukuma makomeo mpaka wauzaji wakadhani ana wazimu. Alilitaka gumu, linalokwaruza kwanza ndipo ligonge. "Wamekataza kupiga, kukata na kuvunja. Kufunga dirisha hawakukataza."

Wafula alitazama komeo, akamtazama Muhsina, kisha akasogeza maikrofoni karibu na ubao.

Jumamosi saa kumi, tangazo la watoto likatangulia. Kisha sauti ya kijana ikasema, "Baba, toka nje." Nyayo kwenye kokoto. Kikohozi cha mzee. Halafu kimya. Kimya kikaendelea, kikaendelea, na ndani yake, mbali kidogo, komeo likakwaruza, likagonga. Kimya tena. Kisha jogoo akawika.

Simu ya studio ilianza kulia kabla jogoo hajamaliza. Wa kwanza alikuwa Bi Jumwa wa Funzi, na alikuwa na hasira kweli kweli. "Wiki iliyopita nilivumilia," akasema, "lakini leo mmezidisha! Hata kama ni mchezo, mzee wa watu apigwe namna ile? Nimehesabu mapigo saba!"

"Bibi, leo hatukuweka hata pigo moja," Muhsina akamjibu.

"Usinifanye mtoto. Masikio yangu mazima."

Muhsina aliweka simu chini akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Alikuwa ameshinda na alijua ameshinda.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Abdurahman akaja mwenyewe, kwa miguu, mwavuli mkononi. Muhsina alijiandaa kwa vita. Majibu matatu alikuwa nayo tayari, moja kali kuliko jingine.

"Lile komeo umelitoa wapi?" Mwalimu akauliza, hata kabla ya kuketi.

"Nimelinunua Kona ya Musa."

"Nauliza ulilisikia wapi."

Muhsina akamtazama. "Ramisi. Nilikuwa na miaka tisa. Babu yangu alipolia mara ya pili, jirani akafunga dirisha."

"Mara ya tatu," Mwalimu akasema. "Mara ya pili nilikuwa bado nimesimama dirishani."

Kwa miaka ishirini na sita Muhsina alikuwa amemtungia jirani yule maneno, usiku na mchana, maneno ya kumchoma hadi mfupani. Na jirani mwenyewe ndiye huyu, kijizee kinachoshika mwavuli kwa mikono miwili.

"Nilikuwa kijana, nimeletwa kufundisha shule ya pale, mgeni wa wiki mbili," Mwalimu akaendelea. "Niliwaona. Niliwajua. Niliogopa. Nilipolisoma jina lako kamili hapa redioni nilijua wewe ni mjukuu wa Chome. Nikajiambia nawalinda watoto, nami nilikuwa nawalinda kweli, Mungu ni shahidi wangu. Lakini kabla yao nilijilinda mimi. Leo hii nitasaini. Mchezo ukirudiwa, mapigo yarudi."

"Hayatarudi," Muhsina akasema. "Ulipoyakataza yalikuwa yako. Umeyaruhusu, sasa ni yangu, nami naamua kuyaacha. Komeo linatosha. Na mimi sijakusamehe, Mwalimu. Leo, hapana."

"Sikuja kuomba hilo."

"Basi nikwambie ninachotaka. Jumamosi, baada ya sehemu ya mwisho, kuna nusu saa ya wasikilizaji. Uje useme ulichokiona kabla ya kufunga dirisha."

"Hewani? Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako. Umeniambia sikio la mtoto halina mlango. Watoto wa Ramisi tulidanganywa kwa masikio hayohayo."

Mwalimu akauegemeza mwavuli ukutani. Kisha akauliza saa ngapi afike.

Alifika mapema, kanzu imepigwa pasi, karatasi nne mkononi zilizojaa nukta na mkato. Sehemu ya mwisho ikaisha, wana wa Ndoro wakafungwa, muziki ukafifia. Wafula akamsogezea maikrofoni na kuinua kidole. Taa nyekundu ikawaka. Mwalimu akazitazama karatasi zake, akazigeuza kifudifudi juu ya meza, na kumwelekea Muhsina.

"Naitwa Abdurahman," akasema. "Nilikuwa mwalimu Ramisi. Mzee Chome hakuanguka mnazini."