Mama Anasema

Kwetu Rasht, aliye ughaibuni haambiwi msiba kwa simu. Anaambiwa mgonjwa amelala, mgonjwa anaendelea vizuri, mpaka siku atakayorudi akute kaburi limeota majani. Mkituona waongo, shauri yenu. Ndivyo tulivyolelewa.

Mdogo wangu Iraj alikuwa na ulimi wa upupu. Huko Tehrani aliandika safu ya gazeti kila Jumamosi, jina lake "Mama Anasema," na maneno yalikuwa ya Mama kweli. Mama alikuwa akikaa kwenye kigoda chake jikoni, akimenya vitunguu saumu, akilaani bei ya mchele na waziri aliyezindua daraja lilelile mara tatu. Iraj alinakili tu, akaongeza chumvi. Watu walicheka nchi nzima. Waziri hakucheka. Iraj alikula miaka miwili gerezani, kisha akavuka milima ya Uturuki juu ya nyumbu, akaishia Ujerumani. Safu akaihamishia mtandaoni.

Kila Ijumaa alipiga simu, na kila Ijumaa Mama alimfokea.

"Ukirudi hawa watawala wangali wapo, maziwa niliyokunyonyesha sikuhalalishii!"

"Nitarudi siku moja tu, Mama. Siku ya kukuzika. Hata wakinisubiri na pingu."

"Basi sifi ng'o!"

Akafa. Alikufa mwisho wa vuli, mvua inanyesha, chai yake haijapoa. Majirani wakaleta kitambaa cheusi cha kutundika getini na tangazo la kifo lenye picha yake. Nikalichana mbele yao.

"Touran, una wazimu?" akanikaripia Mjomba. "Mama yako azikwe kama paka?"

"Mtu akipiga picha tangazo hili leo, kesho liko Ujerumani, na keshokutwa Iraj yuko uwanja wa ndege na pingu mikononi. Nani atamtoa? Wewe, Mjomba?"

 Tukamzika kimyakimya. Halva ya msiba, ile halua ya unga tunayowagawia majirani kumwombea marehemu, niliikaanga madirisha yamefungwa, harufu isifike mtaani watu wakaanza kuuliza. Iliniuma. Mwanamke aliyelisha mtaa mzima hakusomewa hata dua mlangoni kwake.

Ijumaa simu ikalia.

"Nipe Mama."

"Masikio yamezibika kabisa, simu haisikii. Ila ulimi, mh! Uko palepale."

"Basi washa video nimwone."

Nikasema la kwanza lililonijia kinywani. "Anasema hizo video serikali inazitazama, na yeye havui mtandio mbele ya serikali."

Iraj alicheka mpaka akakohoa. Jumamosi nikayakuta maneno yangu juu ya safu yake: Mama anasema havui mtandio mbele ya serikali. Jamani, nikajitia kazini mwenyewe! Tangu hapo, wiki nzima nilikoroga sufuria huku nikitafuta Mama angesema nini kuhusu petroli, kuhusu maji kukatika, kuhusu yule mheshimiwa na kitambi chake. Mara nyingine nilipata neno tamu, nikacheka kwa kicheko chake hasa, kisha nikakiona kigoda kitupu, nikalia. Mwaka mzima nilikwenda hivyo.

Majira ya baridi yaliyofuata Iraj akaacha kupiga. Akawa anaandika tu: koo limepata baridi, Dada, nakunywa asali. Mama anasema nini wiki hii? Nami nikamtumia. Safu ikaendelea kutoka.

Kisha, Jumanne moja mchana, akapiga Behrang, rafiki aliyeishi naye kule.

"Dada Touran, umekaa?"

"Nimesimama. Sema."

"Koo la Iraj halikuwa baridi. Ilikuwa saratani. Tumemzika wiki saba zilizopita."

"Wiki saba? Juzi si ameniandikia amekula samaki!"

"Niliandika mimi. Na safu naitoa mimi, kwa maneno unayoyatuma."

"Mshenzi wewe! Huna haya! Wiki saba namtania maiti, wewe unanijibu? Ndugu yangu wa tumbo moja, nisimlilie? Nani alikupa ruhusa hiyo?"

Nilimtukana mpaka nikasikia ninachosema, nikakoma. Behrang alikuwa analia.

"Aliniapisha mwenyewe, Dada. Hata siku ya mwisho, sauti hakuna tena, aliandika kwenye karatasi. Alisema moyo wa Mama hautahimili. Wewe nimeshindwa kuendelea kukuficha, nisamehe. Lakini Mama asiambiwe. Nakuomba."

 Mbele yangu palikuwa na kigoda, na juu yake bakuli la vitunguu saumu.

"Dada? Unaniahidi?"

"Naahidi," nikasema. "Mama hatajua."

Nikakata simu. Nikatoa unga, sukari na zafarani, nikakaanga halva ya misiba miwili. Madirisha niliyafungua yote.