Kiazi cha Mtani

Leodgar alikuwa fundi simu wa Ipuli, na kitu kizito kuliko vyote alivyokuwa akiinua kwa siku ni bisibisi. Sasa kapenda. Angempenda wa hapo hapo mtaani, yangekwisha kwa pilau. Yeye kaenda kumpenda Tekla, binti wa Mzee Eustace wa Usoke, mkulima wa tumbaku ambaye mchumba wa bintiye hamuulizi kazi wala ukoo. Humpa jembe. Asubuhi mnaanza pamoja kuinua matuta, na ole wako uweke jembe chini kabla yake. Ukiliweka, hutukanwi. Unaletewa maji ya kunywa, unakabidhiwa jogoo, unasindikizwa stesheni kwa heshima zote. Mwalimu mmoja wa Urambo aliondoka na jogoo mzuri kweli kweli.

"Leodgar," Tekla alimwambia kwenye simu, "mimi jogoo sitaki kumwona mkononi mwako."

Ndipo Leodgar akaenda sokoni kwa Shomari, muuza mitishamba. Shomari Mzaramo, Leodgar Mnyamwezi: watani tangu enzi za misafara, na mtani hata akikuchomea nyumba unatakiwa ucheke kwanza, ndipo utafute maji.

"Mnyamwezi mzima anaogopa jembe!" Shomari akapaza sauti, soko zima lisikie. "Babu zako walibeba pembe za ndovu toka Kwihara mpaka pwani kwetu. Mjukuu kabeba chaja, anahema!"

"Na walipofika pwani wakawakuta babu zenu wanacheza ngoma. Nipe dawa, acha maneno."

Shomari akainama chini ya meza, akaibuka na kiazi cheusi chenye vinyweleo, kimejikunja kama kidole gumba cha mzee. "Wapagazi walikuwa wakitafuna hiki. Uchovu unakuja, unakuona, unapita. Kula nusu kabla ya kazi, nusu jua likifika utosini."

Halafu akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomnyima Leodgar raha ndani ya treni ya kwenda Usoke. Kilikuwa cha rafiki aliyesaidia, au cha mtani aliyekwisha kumwuza?

Asubuhi, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, alikuwa anameza nusu ya kwanza, chungu kama nyongo, alipotokea Bibi Minza, nyanya yake Tekla.

"Mume wangu, unakula nini peke yako?" Akakichukua kipande kilichobaki, akakinusa. "Eh! Hiki tunampa ng'ombe aliyefunga choo."

Leodgar akaganda.

Bibi akanusa tena. "Au ni kile kingine? Vinafanana sana. Kile kingine baba yangu alikuwa akikila akienda kuwinda, harudi mpaka tumemsahau."

"Bibi, ni kipi sasa?"

"Macho haya, mume wangu, yamebaki ya kukuona wewe tu."

Basi akaenda shambani na tumbo ambalo hajui limebeba nini. Akainua tuta la kwanza, masikio yote tumboni. Likanguruma. Ni dawa, au ni njaa? Moyo ukaenda mbio. Ni nguvu, au ni woga? Kila mara mgongo ulipomwambia apumzike, yeye alikuwa anatafuta kwa macho kichaka cha karibu, na mgongo, kwa kukosa msikilizaji, ukanyamaza. Jua likafika utosini. Mzee Eustace akageuka, akamkuta kijana wa bisibisi bado yuko naye bega kwa bega, anatoa kitu mfukoni.

"Kijana, unatafuna nini?"

Na mkwe hataniwi, wala hadanganywi. "Ni kiazi, baba. Cha kuondoa uchovu. Nimepewa na mtani wangu, Mzaramo."

Mzee akanyoosha mkono. "Mzaramo ni mtani wangu pia. Lete."

"Baba, samahani, Bibi anasema huenda ni cha ng'ombe..."

"Cha mtani hakikataliwi." Akakitafuna chote, uso haukukunjamana.

Leodgar akarudi kwenye tuta, kichwa kinamzunguka. Ikiwa ni cha ng'ombe, amemharisha baba mkwe katikati ya shamba lake mwenyewe. Ikiwa ni cha wapagazi, amempa nguvu mtu pekee ambaye yeye anamwombea achoke. Alitaka kusali, akashindwa kujua aombe lipi.

Mzee akaanza na wimbo, jembe linaimba naye. Leodgar akaanza kuachwa nyuma. Jogoo akaanza kumjia machoni. Kisha wimbo ukakatika. Mzee akasimama wima kama aliyeitwa na mtu kwa jina. Akaweka jembe chini, akaelekea vichakani kwa mwendo ambao si wa mzee wala wa mkwe.

Aliporudi alisema, "Nilikwenda kuangalia mpaka wa shamba."

"Mpaka haukimbii, mwanangu," Bibi Minza akajibu toka kivulini. "Jembe umeweka wewe kwanza. Tumeona wote."

Tekla akaja na kikombe cha maji, akapiga goti, akampa baba yake. Kwapani alikuwa amembana jogoo.

Mzee Eustace akanywa maji, akamtazama jogoo, kisha akamgeukia Leodgar. "Mwambie baba yako alete washenga," akasema hatimaye. "Na waje na kiazi kile."

Stesheni jioni, mikono haishiki hata simu vizuri, Leodgar alimpigia Shomari. "Mtani, ulinipa kipi? Cha nguvu au cha ng'ombe?"

"Kwani imekuwaje?"

"Mimi nimelima. Mzee amekimbia. Kiazi ni kimoja!"

"Vyote viwili nilikuwa nimevitupia pamoja chini ya meza," Shomari akasema taratibu. "Nilipapasa tu."

"Sasa ulikuwa unacheka nini?"

"Hicho hicho! Hata mimi sikujua nimekupa kipi!"

Treni ikapiga honi. Tumbo la Leodgar likanguruma. Ni njaa tu, akajiambia, hajala tangu asubuhi. Hata hivyo, alipopanda, alitafuta kiti cha karibu na choo.